Kabla ya Kuuliza Bei ya Kadi, Uliza Inakula Uniti Ngapi

Kwenye grupu la WhatsApp la darasa letu haipiti wiki bila tangazo la kadi ya grafiki. Picha mbili, moja ya mbele na nyingine ya nyuma, halafu maneno: "RX 580, GB 8, imetumika kidogo, laki moja na themanini, maelewano yapo." Mwaka jana mimi ndiye niliyejibu "naichukua" kabla sijauliza swali hata moja. Nilijiona mjanja kweli. Naandika makala hii kwa sababu ya hesabu niliyopaswa kuifanya siku ile na sikuifanya, na kwa sababu najua kuna wenzangu hapa chuoni wanaelekea huko huko nilikopita.

Msimamo wangu niuseme mapema ili tusizungushane. Kadi ya bei rahisi ikifanya kazi usiku na mchana ndiyo kadi ya gharama kubwa, na mara nyingi gharama hiyo hailipwi na aliyeinunua. Inalipwa na mtu anayenunua umeme: mzazi nyumbani, mwenzako wa geto mnayechangia LUKU, au chuo.

Kwanza nieleze nilikuwa nataka nini, maana wengine watadhani nilikuwa nachimba sarafu za kidijitali. Hapana. Kuna kazi za kisayansi zinazohitaji hesabu nyingi mno kwa kompyuta moja, kwa hiyo zinakatwa vipande vidogo na kusambazwa kwa watu wa kawaida duniani kote. Unaweka programu, kompyuta yako inapokea kipande, inapiga hesabu, inarudisha jibu, inapewa kingine. SETI@home ilianza hivyo mwaka 1999, ikitafuta ishara za viumbe wenye akili nje ya dunia, na ikasitisha kugawa kazi mwaka 2020. Folding@home ilianzia Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2000. Yenyewe inachunguza jinsi protini za mwili zinavyojikunja na kujikunjua, jambo linalosaidia kuelewa magonjwa na kutafuta dawa. Corona ilipoingia, watu walijiunga kwa wingi hadi mradi ule ukatangaza mwaka 2020 kwamba kompyuta zake kwa pamoja zimevuka hesabu trilioni milioni moja kwa sekunde. Frontier, kompyuta kubwa ya Marekani iliyotambuliwa rasmi kufika kiwango hicho, ilikuja mwaka 2022. Kadi za grafiki za watu wa kawaida, nyingi zilizonunuliwa kwa ajili ya gemu, zilitangulia kwa miaka miwili.

Na usiseme hayo ni mambo ya Wazungu tu. Katikati ya miaka ya 2000 kulikuwa na mradi wa namna hii ulioitwa malariacontrol.net, wa Taasisi ya Tropiki ya Uswisi, ile yenye uhusiano wa miaka mingi na Ifakara. Ulikuwa unaiga kwa kompyuta jinsi malaria inavyosambaa kwenye jamii, ili wajue kwa mfano chandarua au chanjo ikitolewa kwa namna fulani, nini kitatokea baada ya miaka. Ndani ya mifano ile zimetumika takwimu za mbu kutoka Namawala, bonde la Kilombero. Ule ulitumia prosesa za kawaida wala si kadi za grafiki, lakini ndio uliniingia moyoni. Mbu wa Kilombero wanahesabiwa kwenye kompyuta ya mtu aliyeko Ujerumani, na mimi Mtanzania niliyeugua malaria mara sijui ngapi nisichangie chochote? Nikasema na mimi nitachangia.

Ndiyo nikanunua kadi.

Nilifika nyumbani Mandewa, Singida mjini, mwishoni mwa Julai, likizo ndefu imeanza. Kompyuta yangu ya mezani nikaiweka chumbani, kadi nikaipachika, programu nikaiwasha. Nikaiacha ifanye kazi usiku na mchana. Mama alipouliza ule mlio wa feni ni wa nini nikamjibu, "Ni kazi ya chuo, mama." Sikuwa nadanganya sana, nilijiambia.

Sasa, nyumbani hatuna friji. Tuna taa, tivii, pasi na chaja za simu. Matumizi yetu ni kama uniti 50 kwa mwezi. Ila mama anafuga kuku wa kienyeji. Si unajua kuku wa Singida, wanaondoka hapa kwa matenga kwenda Dodoma na Dar. Yeye huwatenga vifaranga na mama yao ili kuku arudi kutaga mapema, na vile vifaranga anavitia kwenye boksi kubwa lenye balbu ya wati 100 ya kuvipa joto usiku. Anayejua Singida ya Julai na Agosti hahitaji kuelezwa. Upepo unavuma usiku kucha, na ubaridi ule hata blanketi mbili unazisikia hazitoshi.

Mama hununua umeme kwa simu, elfu tano elfu tano. Nyumba yetu ipo kwenye lile kundi la watumiaji wadogo, D1. Huko uniti ni shilingi 100, na ukijumlisha VAT asilimia 18, mchango wa umeme vijijini asilimia 3 na wa EWURA asilimia 1, inakuwa 122. Lakini bei hiyo ni kwa uniti 75 za mwanzo za mwezi. Ukizivuka, kila uniti ya ziada ni shilingi 350, na kodi juu yake inafika 427.

Basi angalia kilichotokea Agosti, ukiacha makato ya kodi ya jengo. Elfu tano ya kwanza ilileta kama uniti 41. Kwa kawaida hizo zinatupeleka siku 24 hivi. Zilikwisha siku ya tano. Elfu tano ya pili ikaleta 36, nayo haikumaliza siku tano. Elfu tano ya tatu ikaleta 11 na kidogo, maana tulishavuka zile 75. Ikaisha kesho yake usiku.

Mama hakuniuliza mimi. Alijiuliza yeye mwenyewe ndani ya nyumba yake ni kitu gani kinachokula umeme hivi, na kitu pekee alichokijua kuwa kinakula umeme ni ile balbu ya vifaranga. Akaizima. Akavifunika kwa magunia na kanga kuukuu, akaenda kulala. Vilikuwa 40. Asubuhi tulikuta 17 vimekufa, vimelaliana kwenye kona moja ya boksi.

Mimi nilijua. Siku ile ile nilijua. Nilikaa siku tatu bila kusema, kompyuta nikiwa nimeizima kimyakimya na kusingizia imeharibika. Siku ya nne nikamweleza yote: kadi, programu, protini, mpaka Kilombero. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, hao watu unaowasaidia, wanajua kwamba umeme ni wa mama yako?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Ndipo nikakaa na karatasi.

Jioni moja, kwa idhini yake, nilichomoa kila kitu ndani nikaacha kompyuta peke yake inapiga kazi saa 10. Mita ikala uniti 2.6. Yaani wastani wa wati 260. Kadi peke yake imeandikwa wati 185, zilizobaki ni prosesa, feni na hasara ndani ya pawasapulai. Kwa siku nzima ni uniti 6.2, kwa mwezi ni kama 187. Kwa hiyo kompyuta moja ya mwanafunzi mmoja ilikuwa inakula zaidi ya mara tatu ya nyumba yote. Zile uniti 75 za bei nafuu, ingezimaliza peke yake ndani ya siku 12.

Balbu ya mama? Wati 100, saa 12 za usiku, uniti 1.2. Kompyuta yangu ilikuwa inakula balbu tano za namna ile kila siku.

Wale wa geto mnaolipa kundi la T1, bei ni shilingi 292, ukiweka kodi ni kama 356. Ndiyo ile mnayoijua, elfu moja uniti 2.8. Uniti 187 mara 356 ni zaidi ya shilingi 66,000 kwa mwezi. Bumu la chakula na malazi tunapewa 10,000 kwa siku. Kwa hiyo kompyuta hii moja inakula bumu la karibu wiki nzima kila mwezi. Kadi niliyoinunua laki moja na themanini ingenila gharama yake yote tena kwa umeme ndani ya miezi mitatu, kisha ianze upya.

Na kuna hatari nyingine kwa nyumba zilizoko D1. Kundi lile ni la watu ambao wastani wao hauzidi uniti 75. Ukizidi mara kwa mara unahamishiwa T1. Hapo hata zile uniti 50 za mama za taa na tivii, zilizokuwa zinamgharimu kama 6,100 kwa mwezi, zingekuwa kama 17,800. Kadi ikishazimwa na kuuzwa, yeye bado angekuwa analipa. Bahati yetu niliizima mapema.

Sasa tuje kwenye swali ambalo lile tangazo la WhatsApp haliulizi. Kadi hii inafanya kazi kiasi gani kwa uniti moja?

RX 580 ilitoka mwaka 2017. Kwa namba za kiwandani inafanya hesabu trilioni 6.2 kwa sekunde kwa wati 185. Chukua RTX 4060 iliyotoka mwaka 2023: trilioni 15.1 kwa wati 115. Gawanya mwenyewe. Ya kwanza inatoa hesabu bilioni 33 kwa kila wati, ya pili bilioni 131. Karibu mara nne. Namba za kiwandani si sawa na kazi halisi, kwa sababu programu nyingine zinabanwa na memori kuliko chipu, lakini pengo la mara nne halifutiki kwa visingizio hivyo.

Tafsiri yake ni hii. Kazi ambayo RX 580 inaifanya kwa saa 24 na kula uniti 4.4, RTX 4060 inaimaliza kwa saa kama 10 na kula uniti 1.1. Tofauti ni uniti 3.3 kila siku. Kwa bei ya T1 ni shilingi 1,180 kwa siku, yaani kama 35,000 kwa mwezi. RTX 4060 ilipotoka iliuzwa dola 299 huko Marekani, na ikishafika huku ukiipata kwa laki nane shukuru. Imeizidi ile kuukuu kwa laki sita na ishirini. Gawa kwa 35,000: kama miezi 18. Baada ya mwaka mmoja na nusu, kadi ya laki nane imekuwa rahisi kuliko ya laki moja na themanini. Na hapo sijahesabu kwamba kazi ikiisha mapema, kompyuta nzima inazimwa mapema pia, prosesa na feni vyote.

Lakini subiri, usikimbilie kukopa laki nane. Hesabu hiyo ni ya mtu anayewasha usiku na mchana. Kama wewe unaitumia kadi saa tatu kwa siku, kwa kuchora majengo, kuhariri video au kufanya mradi wako wa mwaka wa mwisho, akiba inashuka mara nane, na ile miezi 18 inakuwa miaka zaidi ya 11. Kwa mtu huyo kadi kuukuu ndiyo uamuzi sahihi, tena anaiokoa isitupwe. Kosa langu halikuwa kununua RX 580. Kosa lilikuwa kuchukua kadi ya kazi ya saa tatu na kuifanyisha kazi ya saa 24.

Pia uelewe kwa nini kadi hizi zimejaa mtaani. Mamilioni ya kadi zilinunuliwa na wachimbaji wa sarafu ya Ethereum. Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum ilibadili mfumo wake na kazi ya kadi za grafiki ikaisha siku hiyo hiyo. Zikamwagwa sokoni. Wale jamaa wengi hawakuacha kadi kwa sababu zimekufa. Waliona haziwalipii umeme tena. Mtu mwenye umeme wa bei ya jumla amepiga hesabu akaona hapana, halafu mimi mwenye LUKU ya mama nikaona ni fursa!

Wapo wenzangu watakaosema bado kuna njia ya katikati, na ni kweli ipo. Kadi yoyote ya kisasa inaweza kupunguzwa nguvu kwenye mipangilio. Watu hawaigusi kwa sababu wanaona wanapoteza mwendo. Ukweli ni kwamba umeme unaoliwa na chipu unaendana na mwendo wake mara volti, mara volti tena. Punguza mwendo kwa asilimia 10 na volti kwa asilimia 10: 0.9 mara 0.9 mara 0.9 ni 0.73. Umepoteza kazi asilimia 10, umeokoa umeme wa chipu asilimia 27. Kile kipande cha mwisho cha mwendo ndicho cha gharama kuliko vyote, sawa na basi linalotoka Singida kwenda Dodoma: dereva akikanyaga mafuta mpaka mwisho mnafika dakika chache mapema, lakini tangi linajua. Kwa anayetaka kuchangia sayansi, hili ni jambo la kwanza kufanya, na ni bure.

Hoja nyingine ninayoisikia sana ni kwamba umeme sasa upo wa kutosha. Bwawa la Nyerere kule Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115. Hapa kwetu Singida ndiyo usiseme. Laini kubwa ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupita Dodoma kwenda Shinyanga inapita hapa, na ile ya kuunganisha na Kenya kutoka Isinya inaishia hapa Singida. Nguzo zile tunazipita kila tukiingia mjini. Na upepo wetu unazungumzwa miaka nenda rudi kwamba utazalisha umeme. Mtu anasema, kwa wingi huo, kompyuta yangu moja ni nini?

Namjibu hivi. Wingi wa megawati Rufiji haujabadilisha ile 427 ya uniti ya 76 kwenye simu ya mama. Gridi inaweza kuwa na ziada na nyumba ikawa na njaa ya umeme, vyote kwa usiku mmoja. Na wale walioanza chuo kabla yangu wanakumbuka mgao wa mwishoni mwa 2023 mpaka mwanzoni mwa 2024. Umeme tuliousubiria kwa hamu namna ile hatuna sababu ya kuutumia ovyo kwa vile tu umerudi.

Kuna jamaa wa mwaka wa tatu aliniambia kitu kilichonichekesha halafu kikanifikirisha. Alisema, "Si ungeiweka hiyo kompyuta kwenye banda la vifaranga?" Kifizikia yuko sahihi kabisa. Umeme wote unaoingia kwenye kadi unatoka kama joto. Wati 185 za kadi zinapasha joto sawasawa na wati 185 za balbu, tofauti ni kwamba kadi inakuwa imefanya hesabu njiani. Huko Ulaya wapo wanaowasha kadi zao msimu wa baridi tu, ili joto lisaidie nyumba. Kwa hiyo zile usiku za Agosti mimi nilikuwa na hita ya vifaranga chumbani kwangu, inanipashia joto mimi mwenye blanketi mbili. Nilifikiria kujaribu. Nikakumbuka vumbi la Singida na manyoya ya kuku, nikajua feni isingemaliza wiki. Lakini wazo lake lina funzo: kabla hujawasha, uliza joto linakwenda wapi na nani analihitaji.

Sasa nije hapa chuoni, maana makala hii si ya kuungama tu.

Tunajua wote kwamba hosteli kuna vyumba ambavyo kompyuta hazizimwi. Wengine wanachangia sayansi, wengine wanachimba visarafu vidogo vidogo, wengine hata hawajui programu waliyoiweka inafanya nini. Kauli ni moja: "Umeme wa chuo, bure." Hakuna umeme wa bure. Kompyuta tano kama yangu ni uniti 935 kwa mwezi, na kwa bei ya T1 ni zaidi ya shilingi 330,000. Hela hiyo inatoka mahali. Inatoka kwenye ada, au inatoka kwenye taa ya maktaba inayochelewa kubadilishwa, na anayeikosa taa hiyo hajui kwamba ameikosa kwa sababu ya kadi ya mtu. Yuko kama mama yangu, anazima balbu yake akidhani ndiyo kosa.

Kwa hiyo naipendekezea serikali yetu ya wanafunzi mambo matatu, na naomba yajadiliwe kwenye kikao kijacho cha bunge letu.

La kwanza, tununue kompyuta moja ya pamoja yenye kadi inayobana matumizi, iwekwe maabara. Darasa langu pekee nimehesabu kadi sita kuukuu zilizonunuliwa ndani ya mwaka mmoja. Kwa bei niliyolipa mimi, hiyo ni zaidi ya milioni moja imekwenda kwenye vyuma ambavyo kila kimoja kinakula sana na kufanya kidogo. Kompyuta ya pamoja itatumiwa na wenye miradi ya akili bandia, ramani na michoro. Muda ambao hakuna mwanafunzi anayeihitaji, ichangie sayansi, nguvu ikiwa imepunguzwa. Miradi hii inatoa pointi na majina ya timu, kwa hiyo jina la chuo chetu litaonekana duniani bila mtu yeyote kulaza mzazi wake gizani.

La pili, kompyuta hiyo iwe na mita yake, na kila mwezi namba mbili zibandikwe ubaoni: uniti zilizoliwa na kazi iliyofanyika. Mwenye kupinga matumizi hayo apinge akiwa na namba. Ikionekana kwamba bora hela ile iende kwenye taa za maktaba, tuizime. Mchango wa sayansi unaofanywa kwa ridhaa ya watu wanaojua bei yake, huo nautetea popote.

La tatu, wanaouza kadi kwenye magrupu yetu waandike wati pamoja na bei. Ni neno moja tu. Muuzaji wa pikipiki anaulizwa inakula mafuta kiasi gani kabla hajaulizwa rangi. Kwenye kadi tunauliza GB ngapi, tunauliza taa zinawaka rangi gani, basi.

Najua wapo watakaosema nimekatisha watu tamaa, kwamba sisi wenye kipato kidogo nasi tuna haki ya kuwa sehemu ya sayansi ya dunia. Haki hiyo tunayo. Ndiyo maana nataka tuingie kwa mlango wa mbele, kwa hela tuliyokubaliana na umeme tulioupima. Nikitoa sadaka ya kuku niliyemchukua bandani kwa jirani, msikitini au kanisani watapokea, lakini jirani ndiye aliyetoa.

Muhula ulipoanza, bumu la kwanza nilitoa sehemu nikamtumia mama anunue vifaranga 17. Alinunua 20, tatu akaongeza mwenyewe. Balbu yao inawaka. Ile RX 580 bado ninayo hapa geto. Naiwasha nikichora, saa mbili au tatu, kisha nachomoa kwenye soketi. Kuiuza nimesita, kwa sababu anayekuja kuiulizia kila mara anauliza bei peke yake.

Wewe unayeifikiria kadi leo, chukua kalamu. Wati za kompyuta nzima, mara saa utakazoiwasha kwa mwezi, gawa kwa 1,000, zidisha kwa 356. Jibu utakalopata usilifiche kwenye simu yako. Mwonyeshe anayenunua umeme, umsikilize atasema nini, ndipo umjibu muuzaji.